Redio Ambayo Volti Hangeweza Kuiiga

Mkono wa Pasi haukuvunjwa kwa fimbo wala kwa ngumi. Ulivunjwa kwa mlango. Mumewe aliushika, akauweka kati ya mlango na fremu, kisha akausukuma mlango kwa bega kama mtu anayelazimisha sanduku lililojaa lifungike. Mfupa ukalia kah! Akafungua, akautazama mkono, akasema, "Sasa hutashika tena simu za watu." Akarudi mezani kwake kumalizia redio ya gari aliyokuwa anaitengeneza.

Simu yenyewe ilikuwa ya kazini, Pasi amepewa ili ampigie msimamizi wake. Lakini kumweleza mumewe, Volti, jambo ambalo ameshaliamua kichwani ni kupoteza pumzi, na siku hiyo Pasi pumzi alikuwa anazihitaji. Alifunga mkono kwa khanga, akachukua begi kwa mkono uliobaki, akatoka. Volti hakuinua hata uso. Alijua atarudi. Kila mara alikuwa anarudi.

Safari hii hakurudi.

Sasa tuwajue hawa watu. Pasi ni jina alilopewa kwenye kiwanda cha udobi kinachofua mashuka ya mahoteli. Anasimama kutwa mbele ya mashine ya kupigia pasi, na mikono yake ina mabaka ya kuungua tangu vidoleni hadi kwenye viwiko. Volti ni fundi wa simu na rimoti, ana kibanda chake kando ya stendi. Ukipoteza rimoti ya gari au ya geti, unakwenda kwa Volti. Ana kidude kidogo kinachosikiliza rimoti ikiongea, kinakariri, kisha kinasema vilevile. Soda yako haijaisha, umeshapata rimoti nyingine. Kwa kazi hiyo hana mpinzani, mwenye haki apewe haki yake.

Na ndiye aliyemfundisha Pasi kulehemu. Wachumba wengine huenda kutembea, hawa uchumba wao ulinuka moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya. Walikaa meza moja, vichwa vimegusana, wanatazama vijidude vidogo kama punje za mchele. Pasi akanogewa. Baada ya kazi, badala ya kulala, anatengeneza: mara taa ya uani inayowaka mtu akipita, mara pampu ya maji inayojizima tangi likijaa. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Ilikuwa raha yake, kama wengine wanavyosuka vikapu.

Volti alifurahi naye mpaka siku Pasi alipomwambia mbele ya mteja, "Hapana, mume wangu, waya huo umeugeuza." Kweli alikuwa ameugeuza. Mteja akacheka. Jioni ile Pasi akala kofi la kwanza, na tangu hapo makofi yakawa kama mvua za msimu, yakikatika yanajiandaa kurudi.

Basi alikimbilia kwa mama yake. Nyumba ya mama ni ndefu kama treni: mbele lango la chuma na kibaraza, katikati ukumbi mrefu usio na dirisha, nyuma kabisa chumba cha Pasi kinachotazama ua. Kuta zake ni nene, za mawe, zilijengwa na marehemu baba yake ambaye hakuamini tofali. Mama mwenyewe ni mjane, mwili mdogo, ulimi mkubwa, na akishasema hapana hata umpelekee jeshi atabaki na hapana yake.

"Umekuja kukaa au kupumzika?" mama aliuliza mlangoni.

"Kukaa, mama."

"Basi ingia. Ungesema kupumzika ningekurudisha mwenyewe."

Mkono ukafungwa plasta. Pasi, kwa haraka na kwa mkono mmoja, akaweka kufuli la betri langoni, lile la rimoti ya kawaida, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Moyoni alijua amefanya ujinga. Alifanya hivyo kama mtu anayejifunika shuka akisikia mwizi.

Haikupita wiki. Mjomba wake, kaka yake mama, alikuja kuwajulia hali, wakaketi kibarazani. Volti akatokea upande wa pili wa barabara, ameegemea ukuta, mkononi ana kile kidude chake. Akakinyoosha kuelekea lango, akabonyeza. Lango likafunguka lenyewe, taratibu, kama linamkaribisha mgeni wa heshima.

"Shikamoo, mama," Volti akasema akiingia. "Shikamoo, mjomba. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Mjomba akasimama kumzuia. Ni mtu mzima, mpole, mshona viatu asiyejua ugomvi. Volti alimpiga kichwa puani. Damu ikaruka mpaka kwenye nguo za mama. Mjomba akaanguka, Volti akampiga teke la mbavu, akaongeza la pili, akaongeza tena, bila hasira, kama anayepima mpira una upepo kiasi gani. Mama akamrushia kiti, Pasi akamrushia birika lenye chai. Chai ilimpata shingoni, akapiga yowe, akatoka. Pale langoni akageuka, akatabasamu na ile shingo nyekundu.

"Hilo geti lako linaongea kwa sauti sana, mke wangu. Nimelisikia jana tu nikipita. Nitarudi, na nikirudi sitakuja na mikono mitupu."

Polisi walikwenda. Waliandika, wakasema watamtafuta. Mjomba akalazwa, pua imepinda, mbavu zimepasuka. Ndugu walikuja na ushauri: ahame, ajifiche, akaombe msamaha. Pasi aliwasikiliza wote. Kazini alikuwa lazima aende, mama lazima abaki nyumbani, na mwanaume yule lazima angekuja. Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwake: Volti asiingie kimyakimya tena. Lango likiguswa, dunia nzima ijue.

Alikwenda kwa Mzee Diodi, muuza vipuri vya umeme, mwenye duka jembamba hata ukitaka kugeuka ni lazima utoke nje kwanza.

"Binti yangu, huo mkono umegongana na nini?"

"Na ndoa, mzee."

"Ah. Hiyo haina kipuri." Akasogeza miwani. "Unataka nini?"

"Nataka lango liseme na king'ora. Kwa redio, bila waya, maana waya ataukata. Na asiweze kuliiga."

Mzee Diodi akatandaza vitu mezani. Akasukuma pembeni kile cha rimoti ya kawaida kabla Pasi hajafungua mdomo. "Hiki ni mpiga debe wa stendi. Anapiga kelele neno lilelile, fungua, fungua, na kila mwenye masikio analichukua. Hiki mumeo anakila asubuhi na chai."

"Waifai je?"

"Waifai kwa mama yako aliiweka nani?"

Aliiweka Volti, siku za mapenzi, namba ya siri aliitunga yeye, boksi lake analijua kama mfuko wa suruali yake. Namba ingebadilishwa, sawa. Lakini vijidude vya waifai vinakula betri kama watoto wanavyokula karanga, langoni hakuna waya wa umeme, na zile kuta za marehemu baba zilikuwa zinaizima waifai hata kabla haijafika ukumbini. Kutoka kibarazani hadi chumba cha nyuma, simu yake ilikuwa haishiki kitu.

"Basi chukua hii," Mzee Diodi akasema, akimpa kijiboksi cheupe. Jina lake lilianza na zedi, jina la kuung'ata ulimi. "Hawa hawapigi kelele. Wananong'onezana. Kila balbu ya aina hii, kila soketi, inapokea neno kwa mwenzake na kulipitisha kwa anayefuata, mpaka lifike. Na wananong'ona kwa lugha yao ya siri waliyopeana siku ya kwanza. Mumeo atasikia mchakacho tu. Cha langoni kinakaa na kibetri kidogo kama kifungo, mwaka mzima."

"Ubaya wake?"

"Wapokezanaji hawataki kuzimiwa umeme. Ukimzima mmoja katikati, neno linafika kwake linakufa."

Pasi alikaa na uamuzi ule usiku na mchana. Alijua hapa hachagui kitu cha kuchezea. Alikuwa anachagua nani atakayepiga kelele siku atakapozibwa mdomo. Mwishowe akachagua wanaonong'onezana.

Akafunga. Kufuli la rimoti aliling'oa, akaweka la ufunguo. Langoni vipande viwili vidogo, kimoja kwenye chuma, kimoja kwenye nguzo; vikiachana tu vinasema. Balbu moja kibarazani, moja katikati ya ukumbi, kisha boksi kubwa la kupokelea chumbani kwake, na kutoka hapo king'ora juu ya paa, kikubwa, cha kutosha kiwanda. Umeme ukikatika, kulikuwa na betri la gari chini ya kitanda, linabeba balbu, boksi na king'ora. Kwenye boksi aliweka kitufe cha kunyamazisha, ambacho wenyewe walikibonyeza pia kabla ya kufungua lango. Cha kuanzishia hakuweka, maana kuanzisha ilikuwa kazi ya lango.

Kazi ngumu ikawa mama.

"Mama, swichi za balbu hizi mbili usizime kamwe. Taa ikitakiwa kuzimika nitaizima kwa simu, lakini swichi ya ukutani ibaki imewashwa."

"Kwa hiyo swichi ni ya nini? Urembo?"

"Ni ya kuachwa, mama."

Mtu mwingine hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Katika nyumba ile, anayetoka mahali anazima taa. Ndiyo amri ya kwanza waliyojifunza watoto wa mama yule kabla hawajajua kuomba maji. Ukisahau, unaitwa, na ukifika kofi la kisogo linakungoja mlangoni. Pasi na ndugu zake walikua hivyo, mkono unapapasa ukuta wenyewe huku mtu anawaza mengine. Sasa mama yuleyule anaambiwa swichi isiguswe! Aliguna, alisonya siku nzima. Hatimaye akasema, "Mimi nikiahidi nimeahidi. Sigusi." Kila akipita ukumbini alikuwa anaikunja mikono kwapani, kama mtu anayepita karibu na chungu cha moto.

Kilichobaki ni watu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji, na mkuu wake alikuwa jitu moja linaloitwa Jeki. Pasi akamweleza habari ya king'ora.

"Kikilia tunakuja," Jeki akasema. "Lakini dada, mimi vijana wangu nikiwaachia hawana breki. Nani atatuambia basi?"

"Kikinyamaza, basi."

"Na kikichelewa kunyamaza?"

"Basi na nyinyi mchelewe."

Jeki akacheka, meno yote nje. Seremala wa jirani akasikia, wasusi wa saluni wakasikia, mpaka mtaa mzima ukajua sheria ile: kikilia, njoo na ulichoshika, kikinyamaza, weka chini. Wakakijaribu mara moja. Mbwa walikimbia, na mtoto wa msusi alilia mpaka akapewa peremende.

Siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko ya Pasi. Plasta imetoka, mkono bado mwembamba. Asubuhi alikunywa chai na mama kibarazani, akapita ukumbini na kikombe mkononi akiwaza waya fulani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango ili moshi wa kulehemu usimfikie mama. Akainama mezani.

Volti alikuja mchana kweupe, ameshika mtaimbo. Alijaribu kidude chake kwanza, kikasikia mchakacho tu. Hakupoteza muda. Aliingiza mtaimbo penye kufuli, akakandamiza, chuma kikakatika. Lango likafunguka. Vile vipande viwili vikaachana, vikasema. Balbu ya kibarazani ikapokea. Ya ukumbini haikujibu.

Juu ya paa, kimya.

"Shikamoo, mama," Volti akasema.

Mama alinyanyua macho kuangalia paa, akangoja, kisha akaelewa. "Wewe mwanaume wewe," akasema, "pita juu ya maiti yangu." Na kweli alijilaza mlangoni, kibibi kile, akamshika mguu kwa mikono yote miwili na kumng'ata penye shavu la mguu kwa meno aliyobakiza. Volti akapiga ukelele. Alimpiga bega kwa ubavu wa mtaimbo. Mama akaachia, akabingirika hadi kibarazani.

Ukelele ule ndio Pasi aliousikia. Alifungua mlango, akakutana naye ukumbini, ana kwa ana, gizani.

"King'ora chako kimelala?" Volti akasema. "Nilikufundisha vibaya, mke wangu."

Alimdaka nywele. Akampigiza kichwa ukutani, ukuta ule wa mawe, mara moja, na tena. Pasi akaona nyota, akaonja chuma mdomoni. Alimchakura macho, akampata shavu, kucha zikazama. Volti akamtandika ngumi ya tumbo, akamkunja, akamshika koo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaanza kunyanyua mtaimbo. Palikuwa pafinyu, mtaimbo ukagonga dari, chokaa ikawamwagikia wote wawili. Ndipo Pasi, anakoroma, anatafuta cha kushika, vidole vyake vikapita ukutani na kugusa swichi.

Ilikuwa imezimwa.

Katika hali ile, pumzi hakuna, macho yanatoka, alijua palepale ni nani. Hakuwa mama. Alijiona asubuhi, kikombe mkono huu, mkono mwingine unapapasa ukuta wenyewe unapotoka ukumbini. Tap. Kofi la kisogo la miaka yote ile lilikuwa linafanya kazi bado. Akaibonyeza. Ukumbi ukajaa mwanga, na Volti akafumba macho.

Lakini lango lilikuwa limeshasema neno lake na neno limeshakufa. Mwanga peke yake haukuita mtu. Volti alimkaza koo tena, sasa anamwona vizuri usoni, na uso ule ulikuwa unafurahi.

Kule nje mama alikuwa anatambaa. Bega moja linaning'inia, anajivuta kwa kiwiko kwenda barabarani kuita watu, na sauti haitoki. Lango lilikuwa limejirudisha nusu kwa uzito wake, likamzuia. Kwa hasira akalipiga teke. Likajibamiza kwenye nguzo, likafungika, likaruka, likafunguka tena, likasema upya.

Paa likalia.

Kilikuwa kilio cha kupasua bati. Ndani ya ukumbi kilishuka kama maji ya bomba lililopasuka, hata Volti akaachia koo na mtaimbo, akaziba masikio. Pasi hakuziba. Aliokota mtaimbo kwa mikono miwili, mzima na mwembamba, akampiga nao gotini. Goti likaenda upande ambao goti haliendi. Volti akaanguka, akainuka, akakimbia kwa mguu mmoja kuelekea kwenye mwanga wa nje.

Akawakuta wanamngojea. Jeki ana spana ya magurudumu, vijana wake wana mikanda ya injini, seremala kashika ubao, wasusi wawili na zile pasi za nywele bado za moto. Hakuna aliyemuuliza jina. Spana ilimshukia begani, ubao mgongoni, pasi ya nywele shingoni palepale penye kovu la chai. Alijaribu kusema "ndugu zangu", wakampiga mdomoni. Alijikunja barabarani akificha kichwa, na kijana mmoja wa gereji akamkanyaga vidole, vile vidole vilivyozoea vijidude vya punje za mchele, akavisaga kwa kisigino kama anayezima sigara.

Pasi alitokea langoni, damu inamtiririka nyusini. Alimwinua mama, akamwegemeza kwenye nguzo.

"Mama, uko mzima?"

"Mimi simo kwenye habari hiyo. Angalia kule," mama akasema.

Pasi akaangalia. King'ora kilikuwa kinalia, na kwa kuwa kilikuwa kinalia, watu walikuwa wanapiga. Hiyo ndiyo sheria aliyoitunga mwenyewe. Volti alifungua jicho lililobaki bila kuvimba, akamwona. Hakuomba. Alinyoosha mkono uliosagwa kumwelekea, tu.

Kitufe cha kunyamazisha kilikuwa chumba cha mwisho. Pasi akageuka, akaingia ndani. Hakukimbia. Mkono mmoja ukutani, mwingine kooni, alipita kibaraza, akapita ukumbi uliojaa chokaa, na kila hatua yake mtu kule nje alikuwa anapigwa. Akafika kwenye boksi. Akaweka kidole juu ya kitufe. Akakaa nacho hapo. Alifikiri mlango na fremu. Alifikiri pua ya mjomba. Alifikiri pia kwamba akingoja kidogo tu zaidi, hatakuwa na haja ya kuogopa tena maisha yake yote, na kwamba hakuna atakayemlaumu, king'ora kingesingiziwa.

Akabonyeza.

Kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele. Kule barabarani Jeki akasema, "Basi," na vyuma vikawekwa chini, kimoja kimoja.

Volti aliishi. Alipelekwa nyuma ya pikapu ya gereji, hospitali kwanza, kisha rumande. Polisi safari hii walimpata bila kumtafuta. Bega la mama likarudishwa mahali pake, likafungwa plasta, na daktari aliyelirudisha alitukanwa.

Plasta ya mama haijakauka vizuri, kaka mkubwa wa Volti akaja, amevaa shati la heshima, amefuatana na wazee wawili. Walisimama nje ya lango jipya.

"Shemeji," akasema, "yule ni mumeo. Vidole havifanyi kazi tena, goti limekufa. Ameshaadhibiwa. Futa kesi, tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia mlikuwa wapi?" mama akadakia kutoka kibarazani.

Pasi akamnyamazisha kwa mkono. Koo lake bado lilikuwa na alama za vidole, sauti inatoka kama ya redio yenye mikwaruzo. Akamtazama shemeji yake bila chuki, maana yule kaka hakuwa mtu mbaya, alikuwa mzito tu wa kuona.

"Shemeji, ningetaka afe angekufa siku ile. Nilikuwa na uwezo huo kwenye kidole. Nilimwacha hai ili akasimame mbele ya hakimu aseme alichofanya, mimi nikimsikia. Mwambie siku ya kesi nitakuja mapema, nikae benchi la mbele."

"Na akifungwa?"

"Akifungwa, nitarudi nyumbani kupika."

Wale wazee wakatazamana. Kaka mkubwa akavuta shati lake chini kama limemwia fupi ghafla. Wakaondoka zao taratibu, wakipita kando ya gereji ambako Jeki alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na hakuna aliyewasalimia.